Grace Hopper na lugha isiyobagua herufi kubwa na ndogo

Soma maneno haya mawili kwa sauti: Jumla, jumla. Mutu aliyekaa pembeni yako hawezi kujua kama moja limeanza na herufi kubwa na lingine na herufi ndogo. Sisi wa radio tunajua jambo hilo vizuri, juu kazi yetu yote ni sauti. Wazee wa Kapanga waliotuma habari kwa foni, ile ya antena ndefu na batri ya gari, walijua pia. Ulitaja jina la mutu herufi kwa herufi mpaka mwenzako wa Kolwezi aliandika sawasawa, lakini hakuna aliyeuliza kama hiyo herufi ni kubwa ao ndogo.

Basi siku tulianza ukurasa huu wa intaneti, picha ya kwanza tuliyoweka ilikataa kuonekana. Kwenye kompyuta ya biro ilionekana vizuri kabisa. Kule kwenye seva, kisanduku cheupe tu. Tulipoteza nusu ya siku na feza ya megabaiti. Kijana mumoja anayejifunza programu alikuja, akatazama, akacheka. Jina la faili lilimalizika na JPG ya herufi kubwa, na sisi tulikuwa tumeandika jpg ya herufi ndogo. Kompyuta ya biro haikujali. Seva ilijali. Akatuambia tusishangae, kwa sababu hata lugha za kuandika programu zimegawanyika hivyo. Kwa C, Java ao Python, Mushahara na mushahara ni vitu viwili mbalimbali. Kwa COBOL, Fortran, Pascal, Ada ao SQL, ni kitu kimoja.

Nilitaka kujua juu ya nini. Nilipotafuta, kila njia ilinirudisha kwa mama mumoja mwembamba wa jeshi la majini la Marekani, aliyekufa siku ya kwanza ya mwaka wa 1992. Wengi wanamuita mama wa COBOL. Jina lake ni Grace Hopper.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906, mutoto wa kwanza kati ya watatu. Jina la baba yake lilikuwa Murray. Hopper ni jina la bwana. Akiwa na miaka 7 alitaka kujua namna saa ya kuamsha watu inavyofanya kazi. Akafungua moja, vyuma vikaruka, akashindwa kurudisha. Akafungua ya pili ili aone ile ya kwanza ilikuwaje. Mama yake alipofika, saa 7 za nyumba zilikuwa zimefunguliwa zote. Hakumupiga. Alimuachia saa moja ya kuchezea, na zile zingine akamukataza kuzigusa.

Mama huyo alipenda hesabu, lakini wakati wake musichana hakusukumwa mbele katika masomo hayo. Baba alikuwa mutu wa asiransi, na ugonjwa wa mishipa ulimukatisha miguu. Alitembea kwa miguu ya mbao, na alitaka mabinti wake wasome sawa na kijana wake, ili siku moja waweze kujilisha. Grace alianguka mutihani wa Kilatini mara ya kwanza alipotaka kuingia chuo cha Vassar. Alingoja mwaka mumoja, akaingia, akamaliza mwaka wa 1928. Kisha akaenda Yale, na mwaka wa 1934 alipata udaktari wa hesabu. Wanawake waliofika pale siku hizo walihesabika kwa vidole. Aliolewa mwaka wa 1930 na Vincent Hopper, mwalimu wa chuo. Walitengana mwaka wa 1945, bila mutoto. Jina la bwana alilishika mpaka kufa.

Angeweza kubaki mwalimu wa hesabu Vassar, na leo hakuna mutu angemutaja. Lakini vita vilifika. Desemba 1941 Wajapani walipiga Pearl Harbor, na Grace akataka kuingia jeshi la majini, kama babu ya mama yake aliyekuwa amirali. Walimukataa. Umri ulikuwa umepita, na uzito ulikuwa karibu kilo 7 chini ya kipimo. Pia serikali iliona kwamba mwalimu wa hesabu anafaa zaidi pale kalasini. Alisumbua mpaka wakamupa ruhusa, mwisho wa 1943. Katika mafunzo ya maofisa akawa wa kwanza, akiwa kati ya wasichana ambao angeweza kuwa mwalimu wao.

Julai 1944 walimutuma chuo cha Harvard, kwa mashini iliyoitwa Mark I. Usiwaze kompyuta ya leo. Ilikuwa na urefu wa metri 15 na kimo kinachopita mutu murefu, imejaa magurudumu na swichi, na ndani yake waya wa kilometa karibu 800. Waya huo ungetosha kutoka Kolwezi mpaka hapa Musumba na kubaki. Ilijumlisha hesabu 3 kwa sekunde moja. Kuzidisha kulichukua sekunde karibu 6. Maagizo yake yalitobolewa kwenye ukanda wa karatasi, tundu kwa tundu, na mukubwa wake, Howard Aiken, hakufurahi kuletewa mwanamuke. Nyuma ya muda mufupi ni huyo mwanamuke aliyemuandikia buku la mashini, kurasa zaidi ya 500.

Hapa hadithi inapita kwetu, Katanga. Mwaka huohuo wa 1944, bwana mumoja anaitwa John von Neumann alifika Harvard na hesabu ngumu ya mulipuko unaosukuma kuelekea ndani. Timu ya Grace iliweka hesabu hiyo kwenye mashini. Hawakuambiwa ni ya nini. Ilikuwa ya bomu ya atomiki, ile ya aina iliyoangushwa Nagasaki Agosti 1945. Na sehemu kubwa ya iranium ya mupango ule ilitoka Shinkolobwe, pembeni ya Likasi, ikachimbwa na baba zetu chini ya Union Minière. Wao nao hawakuambiwa. Watu wa pande mbili za bahari walishika kazi moja bila kujuana. Sisemi kwamba uzito ulikuwa sawa: mumoja alishika karatasi, mwingine alishika jiwe lenyewe kwa mikono mitupu.

Watu wengi wanamujua Grace kwa kipepeo. Tarehe 9 Septemba 1947 kipepeo cha usiku kilikutwa kimekufa ndani ya mashini ya Mark II, wakakibandika ndani ya daftari ya kazi. Tangu pale watu wanasema yeye ndiye aliyeanza kuita kosa la programu mududu. Si kweli. Mafundi walikuwa wanasema hivyo tangu zamani, na ile siku walikuwa wanafanya tu muchezo. Yeye alipenda kuisimulia, basi ikamushikamana.

Mwaka wa 1949 kazi ya Harvard ilimalizika. Siku zile hazikuwa nzuri kwake: ndoa imevunjika, vita vimemalizika, pombe ilimushika mpaka polisi walimukamata usiku mumoja Philadelphia. Marafiki walimusaidia, akasimama tena. Aliingia kampuni ndogo ya Eckert na Mauchly katika muji ule ule, waliokuwa wanatengeneza kompyuta ya kuuzwa, UNIVAC. Ni pale alifanya kazi iliyobadilisha mambo.

Siku zile, kuandika programu kulikuwa kazi ya kupanga namba. Kila jambo dogo lilikuwa na namba yake, na mutu alinakili namba hizo kwa mukono kutoka daftari la mwenzake, akikosea. Grace alijiuliza juu ya nini mutu anakili wakati mashini yenyewe inaweza kunakili. Mwaka wa 1952 alionyesha programu inayoitwa A-0. Ulimupa orodha ya kazi unazotaka, yenyewe ikaenda kuzitafuta na kuziunga pamoja. Watu hawakumuamini. Kwao kompyuta ni ya kuhesabu tu, haiwezi kuandika programu. Ilichukua muda murefu mpaka walikubali kitu kilichokuwa tayari kinafanya kazi mbele yao.

Hatua iliyofuata ndiyo inayotuhusu zaidi. Aliona kwamba watu wa hesabu wanapenda alama, lakini watu wa biro wanapenda maneno. Mutu anayelipa wafanyakazi hataki kuandika x na y. Anataka kuandika kwamba toa kodi kwa mushahara. Basi Grace na watu wake walitengeneza lugha inayotumia maneno ya Kiingereza, iliyoitwa FLOW-MATIC. Ili wakubwa watoe feza, aliwaonyesha programu ndogo kwa Kiingereza. Kisha, ili wafurahi, akaonyesha programu ileile kwa Kifaransa, na tena kwa Kijerumani. Kwa mashini ilikuwa kitu kimoja. Neno ni alama tu. Badilisha orodha ya maneno, kazi inabaki ileile.

Wakubwa walishtuka. Kompyuta ya Wamarekani, iliyojengwa Philadelphia, itaelewaje Kifaransa? Alisimulia hadithi hiyo mara nyingi uzeeni, akicheka. Iliwabidi kuahidi kwamba watafanya Kiingereza peke yake ndipo feza ikatoka. Mimi kila nikiisoma sicheki sana. Watoto wetu hapa wanasoma kwa Kifaransa, nyumbani wanasema Kiruund ao Kiswahili, na wakifika kwa programu wanakutana na Kiingereza. Mulango ulikuwa wazi mwaka wa 1955, mwanamuke mumoja akaufungua mbele ya wakubwa, nao wakaufunga kwa woga tu.

Mei 1959, watu karibu 40 wa serikali, jeshi na kampuni za kompyuta walikutana Pentagon. Kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Ukinunua kompyuta mupya, programu zako zote unatupa. Walitaka lugha moja ya kazi za biro, itakayofanya kazi kwa mashini zote. Ndiyo COBOL. Hapa lazima niseme wazi: Grace hakuiandika. Kazi iliandikwa na kamati, ambamo Jean Sammet na wenzake walikesha, na Grace alikuwa mushauri. Lakini walichukua mengi kutoka FLOW-MATIC, na wazo la kuandika kwa maneno yanayosomeka na mutu asiye fundi lilikuwa lake. Ukiniuliza, nitasema yeye ni bibi wa COBOL kuliko mama. Mambo yalipokawia, mujumbe mumoja wa kamati, Howard Bromberg, alinunua jiwe la kaburi lenye jina COBOL na kulituma kwa mukubwa wa mupango. Maiti haikuzikwa. Desemba 1960 programu moja ilifanya kazi kwa mashini mbili za kampuni mbili zinazoshindana.

Sasa turudi kwa herufi zetu. COBOL ya kwanza haikubagua herufi kubwa na ndogo kwa sababu ndogo hazikuwapo.

Ni hesabu rahisi, hata mutoto wa sekondari anaweza kuifanya. Mashini za wakati ule zilishika kila herufi kwa biti 6, ni kusema taa 6 ambazo kila moja inawaka ao inazimika. Taa 6 zinakupa namna 64 tu. Weka herufi kubwa 26 na tarakimu 10: tayari 36. Bado alama za kujumlisha, kutoa, nukta, mukato, mabano, dola. Ukitaka na herufi ndogo 26 unafika 62, na alama zote za hesabu zinabaki na nafasi 2. Kwa mashini ya kuhesabu feza, hiyo haiwezekani. Basi herufi ndogo ziliachwa inje. COBOL ilikuwa na alama 51 kwa jumla, zote za herufi kubwa, tarakimu na vituo. Kadi za kutoboa, za safu 80, nazo zilikuwa hivyohivyo.

Na shida hiyo haikuanza na kompyuta. Simu ya maandishi ya zamani ilitumia biti 5, namna 32, hata tarakimu zilihitaji alama ya kubadilisha. Wazee waliofanya kazi kwenye biro za telex wanakumbuka karatasi zile: herufi za aina moja tu kutoka juu mpaka chini, kubwa zote ao ndogo zote. Hakuna aliyelalamika. Habari ilifika.

Kwa sababu hakukuwa na herufi ndogo za kusaidia kutenganisha maneno, COBOL iliruhusu jina murefu, mpaka alama 30, na kistari katikati. Unaweza kuandika MUSHAHARA-WA-MWEZI ao JUMLA-YA-WALIMU, na mashini inakubali. Mukubwa wa biro anaweza kusoma mustari ule kwa sauti, na mwandishi anaweza kumusomea mwenzake kwa simu bila kupotea. Ndicho Grace alitaka tangu mwanzo: programu isomwe na wenye kazi, si mafundi peke yao.

Kisha herufi ndogo zikafika. Mwaka wa 1964 IBM ilileta kompyuta za System/360, zenye biti 8 kwa kila herufi, namna 256. Kwa upande mwingine, mupango wa herufi unaoitwa ASCII ulipata herufi ndogo kamili katika chapa yake ya 1967. Pale A kubwa ni namba 65 na a ndogo ni namba 97. Tofauti ni 32 kila mara, kwa herufi zote, ni kusema biti moja tu inawaka ao inazimika. Waliipanga hivyo makusudi, ili mashini iweze kuzifananisha kwa urahisi.

Ulizo likawa: sasa tufanye nini? Mabanki, majeshi na serikali zilikuwa na mistari mingi sana ya programu iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Kijana anayeingia kazi leo ana klaviye mupya, anaandika kwa herufi ndogo. Akiandika mushahara, na programu ya zamani inasema MUSHAHARA, je, ni kisanduku kimoja ao viwili? Watu wa COBOL walijibu kwamba ni kimoja. Kanuni ya lugha ya mwaka wa 1985 iliandika wazi kwamba herufi ndogo inahesabiwa sawa na kubwa katika majina na maneno ya lugha. Fortran ilifanya vile. Pascal ilifanya vile. Ada, lugha ya jeshi la Marekani, ilifanya vile kwa kukusudia: tofauti ambayo haisikiki mudomoni isikuwe na nguvu ya kubadilisha kazi ya programu.

Upande mwingine, katika maabara ya Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, Dennis Ritchie alitengeneza C kwa mashini ambazo tayari zilikuwa na herufi zote mbili. Hakuwa na kadi za zamani za kulinda. Kwake A ni 65 na a ni 97, namba mbili, vitu viwili, mazungumuzo yamekwisha. Mashini inapata kazi kidogo, na mwandishi anapata majina mengi zaidi. Lugha nyingi za leo ni watoto wa C, ndiyo maana kijana wetu aliona ubaguzi huo kuwa jambo la kawaida.

Na tusiwaonee watu wa C. Kupuuza tofauti ya herufi ni rahisi kwa Kiingereza, si kwa kila lugha. Kwa Kituruki i ndogo yenye nukta, ikikuwa kubwa, inabaki na nukta yake, na kuna i nyingine isiyo na nukta kabisa. Programu iliyoandikwa kwa mawazo ya Kiingereza, ikifika Istanbul, inaweza kukataa neno ililokubali jana. Hata lugha moja inaweza kukosa musimamo: PHP inayotumika kwa kurasa nyingi za intaneti haijali herufi katika majina ya kazi, lakini inajali katika majina ya visanduku. Mwanafunzi anayeanza nayo ana haki ya kukasirika.

Lakini kuna jambo moja watu wanachanganya, na kwetu ni jambo la chakula. COBOL inapuuza tofauti kwa majina ya visanduku. Haipuuzi kwa vitu vilivyo ndani ya visanduku. Ukiweka jina la mutu ndani, KAPEND na Kapend yanabaki maandishi mawili mbalimbali, na mashini ikilinganisha orodha mbili bila kuambiwa kitu, itaona watu wawili. Tangu mwaka wa 2011 mishahara ya serikali ilianza kupitishwa benki. Tunajua majina yetu. Jina la mwenye kiti cha Musumba tu limeandikwa na wageni namna nyingi: Mwata Yamvo, Mwant Yav, Mwaant Yaav. Mwalimu mumoja ninayemujua alikaa miezi bila kulipwa kwa sababu jina lake liliandikwa namna moja kwenye orodha ya masomo na namna nyingine kwenye orodha ya kulipa. Kila biro ilimuambia kwamba mashini imekataa. Mashini haikuwa imekataa kitu. Hakuna mutu aliyeiambia kwamba wale wawili ni mutu mumoja, na hakuna lugha, hata ya Grace Hopper, inayolijua hilo yenyewe.

Yeye angelijua tatizo hilo, juu nusu ya pili ya maisha yake aliitumia kupigana na orodha zisizokubaliana. Mwisho wa 1966 jeshi lilimustaafisha. Mwaka wa 1967 likamuita arudi kwa miezi 6, kwa sababu COBOL ya kila kampuni ilikuwa imeanza kusema kilafudhi chake, na programu za mishahara za jeshi zilikataa kuhama kutoka mashini moja kwenda nyingine. Miezi 6 ikakuwa miaka 19. Timu yake ilitengeneza programu za kupima: kampuni inayotaka kuuzia jeshi lazima COBOL yake ipite mutihani. Kazi hiyo haina hadithi ya kipepeo, na pengine ndiyo iliyosaidia watu wengi kuliko zote.

Ukutani kwenye biro yake alitundika saa inayokwenda kinyumenyume. Ilisoma saa sawasawa, ila mishale ilizunguka upande wa kushoto. Maofisa wapya walisumbuka siku moja ao mbili, kisha wakazoea. Ndivyo alivyowaonyesha kwamba mazoea si sheria.

Alipanda cheo polepole, mwisho akawa amirali. Tarehe 14 Agosti 1986, akiwa na miaka 79, ofisa muzee kuliko wote waliokuwa kazini, walimustaafisha juu ya USS Constitution, meli ya kale ya tanga, Boston. Hakukaa nyumbani. Kampuni ya kompyuta ya Digital ilimuchukua, akaendelea kuzunguka akisema na watu mpaka nguvu zilipomuisha. Lugha yake haikustaafu pia. Aprili 2020, wakati wa Kovidi, gavana wa New Jersey alitafuta hadharani watu wanaojua COBOL, kwa sababu kompyuta za zamani za serikali zilizidiwa na maombi ya watu waliopoteza kazi.

Alizikwa kwenye makaburi ya jeshi ya Arlington. Kila alipokwenda kusema, kwa wanajeshi ao kwa wanafunzi, alibeba fungu la vipande vya waya wa simu, kila kimoja karibu sentimetri 30. Huo ndio umbali ambao umeme hauwezi kupita katika sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni. Aliwagawia watu, na wengine bado wanavyo kwenye droo zao: ganda la plastiki ya rangi, na ndani yake uzi wa shaba.